Mtoto ameanguka usiku na unahofia mfupa: cha kukagua, cha kufanya na pa kumpeleka

Kama mfupa umevunjika au haukuvunjika, hakuna anayeweza kukuhakikishia hapo nyumbani, hata akiwa daktari. Hilo litajibiwa na picha. Usiku una maswali mengine mawili, na yote unaweza kuyajibu kabla ya kutoka mlangoni. Je, damu na neva bado zinafika ng'ambo ya jeraha? Na je, huko unakotaka kumkimbiza mtoto kuna mashine ya eksirei inayofanya kazi saa hiyo, pamoja na mtu wa kuiendesha? Jibu la kwanza linaamua kama mwende sasa au asubuhi. La pili linakuepusha kumzungusha mtoto mwenye maumivu kutoka mlango mmoja hadi mwingine.

Mtazame kabla ya kumshika

Anza na kichwa na shingo, hata kama kinacholiliwa ni mkono. Mtoto aliyepoteza fahamu japo kwa muda mfupi, anayetapika tena na tena, anayesinzia isivyo kawaida yake, au anayelalamikia shingo au mgongo, huyo ni mgonjwa wa dharura na mkono wake utasubiri. Akiwa amelala na shingo au mgongo unamuuma, usimnyanyue. Mwache alivyo, mtulize, uite gari la wagonjwa.

Akiwa salama upande huo, mkalishe umtazame dakika mbili tatu bila kumgusa. Watoto husema mengi kwa kile wanachokataa kufanya: mkono ulioshikiliwa kifuani, mguu usiokanyagiwa, kitu kinachopokewa kwa mkono ambao si wa kawaida yake. Kisha mvue nguo ukianzia upande mzima, au kata kabisa mkono wa shati, uweze kulinganisha pande mbili zikiwa wazi. Pete, bangili na saa vitoke sasa hivi. Uvimbe ukishapanda huenda vikahitaji kukatwa.

Bonyeza kwa kidole kimoja, taratibu, ukianzia mbali na panapouma. Maumivu makali yaliyoganda sehemu moja juu ya mfupa ndiyo yanayotia shaka zaidi, kuliko yale yaliyotapakaa kwenye nyama. Usimkunje wala usimnyooshe kiungo. Mwambie ajaribu mwenyewe, na akikataa, hilo nalo ni jibu.

"Angekuwa amevunjika asingechezesha vidole." Kauli hii huchelewesha watoto wengi kufika hospitali, nayo si kweli. Misuli inayochezesha vidole iko juu kwenye kigasha, yaani sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kifundo, na inaendelea na kazi hata mfupa ukiwa na ufa. Tena mifupa ya mtoto ni laini na imevikwa utando mnene, hivyo mara nyingi hupasuka upande mmoja tu kama kijiti kibichi, au hubonyea kidogo karibu na kifundo cha mkono bila vipande kuachana. Mtoto wa namna hiyo anaweza kurudi kucheza baada ya saa moja na bado akawa na mfupa uliovunjika.

Kauli ya pili ni "ameteguka tu". Karibu na ncha za mifupa mirefu ya mtoto kuna gegedu la ukuaji, sehemu laini ambako mfupa hurefukia, na gegedu hilo ni dhaifu kuliko kano zinazoshikilia kiungo. Nguvu ambayo kwa mtu mzima ingechana kano, kwa mtoto inaweza kulivunja gegedu. Likiharibika bila kutunzwa, mfupa unaweza kukua ukiwa mfupi au ukipinda. Ndiyo sababu mtoto mwenye uvimbe na maumivu juu kabisa ya mfupa karibu na kiungo hachukuliwi kuwa ameteguka mpaka aonwe.

Kwa kifundo cha mguu kuna kipimo kizuri kwa mtoto mwenye umri wa miaka 6 au zaidi, kilichotokana na kanuni za madaktari wa Ottawa, Kanada, zilizochapishwa mwaka 1992. Bonyeza ukingo wa nyuma na ncha ya kila fundo la mguu, la ndani na la nje, ukipanda hadi sentimita 6. Bonyeza pia mfupa unaojitokeza katikati ya ukingo wa nje wa wayo, upande wa kidole kidogo, na ule ulio juu ya upinde wa ndani wa wayo. Kisha mwombe atembee hatua nne, hata kwa kuchechemea. Kama hakuna hata sehemu moja ya mfupa inayouma na hatua nne zimepigwa, uwezekano wa kuvunjika ni mdogo sana. Moja likikwama, anahitaji picha.

Damu na neva: ukaguzi unaoamua usiku wako

Gusa vidole vya upande ulioumia na vya upande mzima kwa wakati mmoja. Vinapaswa kuwa na joto sawa. Bonyeza kucha kwa sekunde 5, achia, uhesabu: rangi irudi ndani ya sekunde 2. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi usitegemee rangi ya ngozi. Tazama chini ya kucha, kiganjani au kwenye wayo, na ufanye hivyo penye mwanga wa kutosha.

Neva za mkono hukaguliwa kwa mchezo. Akunje ngumi, afungue kiganja na kunyoosha vidole vyote, atawanye vidole kama mkasi, kisha aunganishe ncha za kidole gumba na cha shahada kufanya duara. Kila tendo lina neva yake. Duara ndilo linalosahaulika zaidi, na ndilo linalofichua neva inayojeruhiwa mara kwa mara mfupa ukivunjika juu ya kiwiko: mtoto akishindwa, vidole hubanana bapa badala ya kuwa mviringo. Kwa mguu, avute vidole juu, avisukume chini, na umguse kati ya kidole gumba na cha pili ukimuuliza kama anahisi sawa na mguu mwingine. Andika saa na ulichoona. Rudia kila dakika 30, na rudia mara tu baada ya kufunga chochote.

Ondokeni sasa hivi, bila kungoja asubuhi, ukiona lolote kati ya haya:

- vidole ni baridi, vimepauka, vina ganzi au havitembei;
- mfupa umetokeza, au kuna kidonda karibu na mahali unaposhuku pamevunjika, hata kiwe kidogo kama tundu la sindano;
- kiungo kimepinda au kimekaa vibaya;
- kiwiko kimevimba baada ya kuangukia mkono ulionyooshwa;
- jeraha liko pajani, nyongani au mgongoni;
- maumivu yanazidi badala ya kupungua baada ya dawa, mtoto anahangaika na anapiga kelele ukimnyoosha vidole kwa upole;
- mtoto hajaanza kutembea na hatumii mkono au mguu;
- ana homa pamoja na kuchechemea au kukataa kutumia kiungo.

Kiwiko kimo humo kwa sababu mfupa ulio juu yake ni mwembamba, na mshipa mkuu wa damu wa mkono unapita mbele yake tu. Vipande vikisogea vinaweza kuubana au kuujeruhi. Kuhusu maumivu yanayozidi, hofu ni shinikizo linalojengeka ndani ya misuli ya kigasha au ya mguu chini ya goti: uvimbe unakosa pa kwenda, damu inazuiwa kupita, na misuli huanza kufa ndani ya saa chache. Homa ni suala jingine kabisa. Anguko la jana huenda limesingiziwa tu, na kumbe kuna usaha kwenye kiungo au ndani ya mfupa. Huyo anahitaji vipimo vya damu na dawa usiku huohuo.

Anayeweza kulala nyumbani hadi asubuhi ni yule ambaye kiungo chake kimenyooka, ngozi haijachanika, vidole vina joto na vinatembea, na dawa ya kawaida ya maumivu imemtuliza akasinzia. Mara nyingi ni kifundo cha mkono kilichovimba kidogo, mtulinga (mfupa unaotoka shingoni hadi begani), au kidole cha mguu. Mfunge vizuri, mwinulie kiungo kwa mto, amka kukagua vidole angalau mara mbili usiku, na asubuhi awe wa kwanza kwenye foleni.

Kuna wa tatu, ambaye hakuvunjika kabisa. Mtoto wa kati ya mwaka 1 na 4 aliyenyanyuliwa au kuvutwa kwa mkono, kisha akauacha mkono ukining'inia kando bila uvimbe wowote, mara nyingi kiwiko chake kimechomoka kidogo kutoka kwenye utepe unaokishika. Daktari au muuguzi mzoefu hukirudisha kwa sekunde chache, na baada ya dakika kadhaa mtoto anachukua vitu kama kawaida. Usijaribu nyumbani kwa kuiga video. Kama alianguka, au hakuna aliyeona kilichotokea, kuzungusha mkono huo ni kuzungusha mfupa ambao huenda umevunjika.

Dawa, chakula na kufunga

Mpe dawa ya maumivu mapema. Haitaficha mfupa uliovunjika kwenye picha, na daktari humkagua vizuri zaidi mtoto aliyetulia. Kipimo kinafuata uzito, si umri. Parasetamoli ni miligramu 15 kwa kila kilo, kwa nafasi ya angalau saa 4, isizidi mara 4 kwa saa 24. Ibuprofeni ni miligramu 10 kwa kila kilo, isizidi mara 3 kwa saa 24. Mtoto wa kilo 12 atapata parasetamoli miligramu 180, ambazo ni mililita 7.5 za dawa ya maji yenye miligramu 120 katika mililita 5. Ibuprofeni kwake ni miligramu 120, yaani mililita 6 za ile yenye miligramu 100 katika mililita 5.

Makosa hutokea kwenye chupa. Parasetamoli ya maji huuzwa pia ikiwa na miligramu 250 katika mililita 5, na matone ya watoto wachanga ni makali zaidi ya hapo, kwa hiyo "kijiko kimoja" hakina maana mpaka usome lebo. Pima kwa sirinji, si kwa kijiko cha chai. Ibuprofeni asipewe mtoto wa chini ya miezi 3, mwenye ugonjwa wa figo, aliyeishiwa maji mwilini, mwenye tetekuwanga, au mwenye pumu inayoamshwa na dawa za aina hiyo. Wala isichanganywe na diklofenaki, kwa kuwa ni ndugu moja. Aspirini haipewi watoto. Kodeini haipewi walio chini ya miaka 12. Mtoto mchanga wa chini ya miezi 3 asipewe dawa yoyote ya maumivu bila daktari.

Baada ya dawa, funga mdomo. Kama kiungo kimepinda au yuko kwenye orodha ya kuondoka sasa, mtoto asile chochote, kwa sababu huenda akahitaji usingizi wa dawa ili mfupa urudishwe. Kwa kawaida hungojewa saa 6 tangu chakula, saa 4 tangu maziwa ya mama. Biskuti iliyotolewa kwa huruma njiani inaweza kusogeza matibabu hadi alfajiri. Andika saa aliyokula mara ya mwisho na alichokula. Utaulizwa na zaidi ya mtu mmoja.

Kufunga ni kukizuia kiungo kisitembee, si kukinyoosha. Kifunge kama ulivyokikuta. Banzi, yaani kitu kigumu cha kushikizia, lishike maungio mawili, la juu na la chini ya jeraha: kwa kigasha lianzie kwenye vidole hadi juu ya kiwiko, kwa mguu chini ya goti lianzie kwenye wayo hadi katikati ya paja. Gazeti nene lililokunjwa, kadibodi au jarida vinatosha, vikiwekewa taulo ndani ili visichome ngozi. Kifundo cha mguu hukaa vizuri zaidi ndani ya mto uliozungushwa na kufungwa. Funga upande wa juu na upande wa chini wa panapouma, kamwe si papo hapo panapouma, na acha ncha za vidole zionekane. Kidole chako kimoja kiweze kupita chini ya kila fundo.

Mkono uning'inizwe shingoni kwa kitambaa cha pembe tatu. Kitambaa cha mraba cha sentimita 100 kikikatwa kona kwa kona kinatoa viwili. Usipokuwa nacho, kunja pindo la fulana yake juu ya mkono na ulibane kifuani kwa pini. Kiwiko kilichovimba kisikunjwe hadi nyuzi 90 ili tu kiingie kwenye kitambaa. Kiache kwenye pembe anayoipenda yeye.

Kubana kupita kiasi ni hatari kuliko kutofunga. Mwaka 1881 daktari Mjerumani Richard von Volkmann alieleza mikono iliyojikunja na kukakamaa daima baada ya kufungwa bendeji za kubana, na hali hiyo bado ina jina lake. Kwa sababu hiyohiyo mtoto asikandwe, asivutwe, wala asipelekwe kwa mtu wa kunyoosha kabla ya picha. Barafu iwe ndani ya kitambaa, dakika 10 hadi 15, kisha ipumzike. Maji ya moto huongeza uvimbe. Kidonda kifunikwe kwa kitambaa safi kilicholowa maji safi, na mfupa uliotokeza usirudishwe ndani.

Piga simu kwanza, kisha ondoka

Ukiwa na dharura ya damu au neva, nenda moja kwa moja kwenye hospitali kubwa yenye upasuaji. Simu ipigwe na mtu mwingine mkiwa njiani. Wengine wote, dakika 3 za simu zinafaa. Zahanati nyingi na hata vituo vinavyosema viko wazi saa 24 hufunga chumba cha eksirei jioni. Usiulize "Mko wazi?" kwa maana utajibiwa ndiyo. Uliza hivi: mashine ya eksirei inafanya kazi sasa, na mtaalamu wake yuko zamu au anaitwa kutoka nyumbani? Mnapiga picha watoto wa umri huu? Picha ikionyesha mfupa umevunjika, kuna mtu wa kufunga hogo (plasta ngumu ya jasi) usiku huu, au mtatupa rufaa? Kama bima ndiyo itakayolipa, uliza pia kama wanaipokea usiku na kama inahitaji kibali.

Beba kadi ya chanjo kwa ajili ya pepopunda, orodha ya dawa na mizio, uzito wake, saa za dawa ulizompa, chaji ya simu, blanketi na kitu anachokipenda. Garini, upande ulioumia usikae mlangoni. Mtoto mwenye paja lililovunjika husafirishwa akiwa amelala, ndani ya gari la wagonjwa likipatikana, kwa sababu damu nyingi huweza kumwagika ndani bila kuonekana. Pikipiki haifai kwa mguu wowote unaoshukiwa.

Mapokezi, sema lililo muhimu kwa sentensi moja: "Ana miaka 5, aliangukia mkono saa moja jioni, kiwiko kimevimba na vidole ni baridi." Nesi anayepanga nani aonwe kwanza hupanga kwa maneno hayo, si kwa ukubwa wa kilio. Mkisubiri na hali ikabadilika, rudi kwake umwambie. Usikae kwa adabu. Utaulizwa mara kadhaa, na watu tofauti, ilivyotokea na nani alikuwepo. Ni utaratibu wa kila mtoto mwenye jeraha, hasa mdogo. Jibu ulichoona, na usichokiona sema hukukiona. Kukisia ili hadithi ikamilike ndiko kunakoleta matatizo.

Picha, na wanaoisoma usiku

Picha mbili ndizo kiwango cha chini: ya mbele na ya ubavuni, kwa sababu ufa unaweza kujificha kabisa kwenye moja. Mionzi ya picha ya mkono au mguu ni kidogo sana, sawa na ile ambayo mwili hupokea kutoka kwenye mazingira kwa saa chache. Mama mjamzito au anayehisi huenda ni mjamzito asimshikilie mtoto chumbani; ashikilie mwingine, akiwa amevaa aproni ya risasi. Baadhi ya hospitali hutumia altrasaundi kwa kigasha, nayo ni njia sahihi.

Kiwiko ndicho kinachowatesa wasomaji wa picha. Sehemu sita za mfupa katika eneo hilo huanza kuonekana kwa zamu, takriban kwenye miaka 1, 3, 5, 7, 9 na 11. Kabla ya hapo ni gegedu, ambalo eksirei hailioni. Daktari wa zamu anaweza kuona kipande akadhani ni ufa, au kinyume chake, na ndiyo maana wakati mwingine kiwiko cha upande usioumia hupigwa picha ya kulinganishia. Swali la kuuliza kabla ya kutoka: nani atazisoma tena picha hizi mchana, na nitapigiwa kwa namba gani wakibadili majibu? Hakikisha namba uliyoandikiwa ni sahihi, na ondoka na picha zenyewe au nakala yake.

Mtoto akifungwa usiku wa kwanza, mara nyingi atapewa nusu ya hogo iliyoshikwa kwa bendeji, ili uvimbe upate nafasi. Si uzembe. Jasi huchukua hadi saa 48 kukauka sawasawa, hivyo liegemezwe juu ya mto, si ukingo wa meza. Inua kiungo juu ya usawa wa moyo siku mbili za kwanza. Usichokonoe ndani kwa rula au kijiti. Vidole vikivimba, vikipauka, vikifa ganzi au maumivu yakipanda licha ya dawa, rudi hospitali saa hiyohiyo bila kungoja miadi.

Miadi yenyewe haiahirishwi. Mfupa uliorudishwa mahali pake hupigwa picha tena baada ya takriban wiki moja, kwa kuwa unaweza kuteleza ndani ya hogo, na mifupa ya watoto hushikana haraka kiasi kwamba baada ya wiki mbili kuurekebisha ni kazi ngumu. Mfupa uliobonyea tu karibu na kifundo cha mkono huhitaji banzi la kuvua kwa takriban wiki 3. Mtulinga huacha nundu inayodumu miezi kadhaa, nayo si kasoro.

Picha ikisemekana ni safi na mtoto mdogo bado hakanyagi, usilazimishe atembee. Watoto wa kati ya miezi 9 na miaka 3 hupata ufa mwembamba kwenye mfupa wa ugoko kwa kujisokota tu mguu, na siku ya kwanza haionekani chochote. Baada ya siku 10 hadi 14 mfupa mpya unaojengeka huonekana kwenye picha ya pili. Katika siku hizo mbebe, mpe dawa kwa uzito wake, na umpime joto kila jioni: homa ikijitokeza, arudi hospitali siku hiyohiyo.